Jicho la Kushoto Lililookoka

Wacha niseme ile ya aibu kwanza, tumalizane nayo. Mimi niliokoka mbele ya kanisa nzima kwa sababu ya jicho bovu. Sio moyo. Jicho, tena moja tu, la kushoto. Lilikuwa linatoa maji, watu wakafikiri ni toba, na mimi nikaona kusema ukweli ni kazi nyingi. Nikasimama. Nikaungama mkebe wa mananasi ambao sikuwa nimeiba. Wakaimba. Mama yangu akalia kwa macho yote mawili, na yake yalikuwa ya ukweli.

Wokovu huo nilikaa nao kama miezi saba, mpaka Mhindi mmoja wa Thika akanitoboa.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kiwanda. Shule niliiacha darasa la nne, ama shule ndiyo iliniacha, hatukuwa tunaelewana. Nikapata kazi Thika kwa kiwanda cha mananasi. Wanawake walikuwa wanamenya na kukata, mikebe inajazwa, inafungwa, inapita mbele yangu kwa mstari, na mimi kazi yangu ni kutoa ile iliyobonyea. Kutoka asubuhi mpaka jioni naangalia mikebe. Ukiniuliza leo nilikuwa nafikiria nini miaka hiyo, nitakwambia mikebe.

Jicho lilianza pole pole. Asubuhi naamka kope zimeshikana kama zimepakwa gundi. Halafu machozi yanateremka, shavu moja tu, mchana kutwa, hata nikiwa nacheka. Halafu kukatokea kauvimbe hapa pembeni, kati ya jicho na pua, kama punje ya mahindi. Nikikafinya, usaha unatoka kwa kona ya jicho. Watu wa kiwandani wakasema ni maji ya nanasi yameniingia. Dresa, yule mfunga vidonda wa dispensari, akanipa dawa ya kupaka, ya manjano, nikapaka, nikawa natoa machozi ya manjano. Jirani akasema nioshe na chai ya rangi. Nikaosha. Chai ikawa mbaya, jicho likabaki vile vile.

Rafiki yangu ndiye alikuwa na maneno zaidi. Tulikuwa tunakaa naye chumba kimoja Makongeni, yeye ametoka Magharibi, upande wa Kakamega, na kiwandani alikuwa anatia kuni kwa boila. Mtu mkubwa, sauti kubwa, na baiskeli yenye kengele mbili, sijui ya pili ilikuwa ya nini.

"Bwana Mvua," ananiambia asubuhi, "leo umenyesha?"

"Nimenyesha."

"Sisi kwetu mtu akilia namna hiyo tunauliza nani amekufa. Wewe kila siku umefiwa na nani?"

Mama alikuwa Ruiru, kwa shamba la kahawa, kwa zile nyumba za wafanyakazi. Alichuma kahawa mpaka tumbo lake likaanza kuvimba na mwili mwingine wote ukaanza kuisha. Alikuwa ameokoka kitambo, pamoja na wale ndugu wa ushirika. Kama hukuwajua, hawa walikuwa watu wa kusimama mbele za watu na kusema dhambi zao wazi wazi, halafu kama uliiba kitu unakirudisha kwa mwenyewe. Mtu alirudisha jembe. Mwingine alirudisha kuku, na kuku alikuwa ameliwa, kwa hivyo alirudisha kuku mwingine aliyeshangaa sana.

Kila nikienda kumuona, mama alikuwa ananiambia neno moja. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anasema kama mtu anayeomba chumvi.

"Mimi nataka kitu kimoja tu. Nikuone umeokoka. Halafu nilale."

"Maitu," namwambia, na maitu kwetu ndiyo mama, "mimi nikiokoka shetani atabaki na kazi gani?"

Alikuwa hacheki. Zamani alikuwa anacheka.

Siku hizo kutoka Thika kwenda Ruiru sisi Wakikuyu tulikuwa lazima tupate karatasi ya ruhusa. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, serikali ya mkoloni inatuwinda, na mambo ya kulilia yalikuwa mengi mpaka hakuna mtu alikuwa analia. Unasikia fulani amechukuliwa, unasema "haya", unaendelea kula. Mimi nilikuwa hivyo, na wengine wote niliowajua. Kama ungegonga kifua changu ungesikia vile debe tupu linasikika. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na kitu.

Jumapili moja nikapata karatasi, rafiki yangu akanibeba nyuma ya baiskeli. Yeye hakuhitaji karatasi kama mimi, na alipenda kutembea. Njia ilikuwa vumbi tupu, upepo unatupiga uso. Tulipofika kanisani jicho lilikuwa linamwagika, shati yangu imelowa upande mmoja. Tukakaa nyuma. Mama alikuwa mbele, amekalishwa kwa mkeka, ameegemea ukuta, kwa sababu wiki nyingi alikuwa hawezi kusimama.

Mhubiri akahubiri. Sikumbuki nini. Nilikuwa najipangusa na mkono wa shati. Mara nikasikia mkono kwa bega. Ni mzee mmoja wa wale ndugu, mtu mpole, anapumua karibu na sikio langu.

"Ndugu, usizuie. Ameanza kukugusa."

"Ni jicho tu, mzee."

"Ndiyo. Huanza na jicho."

Watu wakageuka. Wanawake wakaanza kuimba chini chini. Mzee akaniinua, na mimi nikainuka, kwa sababu mtu akikuinua unainuka. Bado ningeweza kusema. Maneno yalikuwa hapa: jamani, ni ugonjwa, nina dawa ya manjano nyumbani. Lakini nikaangalia mbele, nikaona mama amesimama. Hakuna mtu aliyemshika. Alikuwa amesimama peke yake, mikono kwa mdomo.

Basi. Ungesema wewe?

"Sema, ndugu," mzee akaniambia. "Toa ulicho nacho."

Hapo kukawa na shida nyingine. Nilihitaji dhambi. Zile zangu za kweli hazikuwa za kusema mbele ya mama, na zingine wenzangu wa kuzitenda walikuwa wamekaa pale pale, safu ya wanawake. Kichwa kikawa kitupu. Kitu pekee kilichokuja ni mikebe.

"Niliiba mkebe wa mananasi," nikasema. "Kiwandani."

Wakaimba mpaka bati likatetemeka. Nyuma nilimuona rafiki yangu ameinamisha kichwa kati ya magoti, mabega yanatikisika. Watu wakafikiri na yeye ameguswa.

Sasa mkebe lazima urudi. Mzee alinikumbusha mara mbili kabla sijaondoka, kwa upole ule ule. Mimi sikuwa na mkebe. Ikabidi niende dukani, ninunue mkebe wa kiwanda chetu wenyewe, niupeleke kwa nyapara wetu kama nimeuiba. Nyapara alikuwa mtu wa kwetu, mkali, na mwenye akili, na hiyo ya akili ndiyo ilikuwa mbaya.

"Hii ni nini?"

"Ni mkebe niliiba. Narudisha. Nimeokoka."

"Uliiba lini?"

"Zamani kidogo."

Akaugeuza, akaangalia kifuniko. Kila mkebe ulikuwa unapigwa nambari siku unafungwa, na mimi niliyekuwa naangalia mikebe kutwa sikukumbuka hiyo.

"Hii imefungwa wiki jana."

Na mimi nikaangalia kifuniko.

"Na wewe umeokoka lini?"

"Jumapili mbili zimepita."

"Kwa hivyo umeokoka kwanza, halafu ukaiba."

"Ndiyo," nikasema. Ningesema nini?

Aliniangalia muda mrefu. Jicho langu likatoa tone, likapita shavu, likaanguka kwa kiatu chake. Nafikiri ndiyo sababu hakunifukuza. Alinitoa kwa mikebe akaniweka kwa toroli la maganda. Tangu siku hiyo nilikuwa nasukuma maganda ya mananasi nje kwa rundo, na nzi wote wa Thika wananijua.

Lakini mama alianza kula. Hiyo ndiyo ilikuwa ajabu, na hiyo ndiyo ilinifunga. Alikula uji, akala hata kiazi. Kila Jumapili niliyopata karatasi nilikuwa nakaa karibu naye kwa ule mkeka, jicho linafanya kazi yake, naye ananipangusa na pembe ya leso yake bila kuniangalia, vile mtu anapangusa meza. Ananiuliza, "Una amani?" Nasema, "Ninayo." Tone lingine. Anapangusa.

Kuna kitu nilikuwa nimesahau, na rafiki yangu ndiye alinikumbusha, kwa sababu mama mwenyewe alimsimulia. Nilipozaliwa, jicho hilo hilo lilikuwa linatoa maji na utando. Mama alikuwa ananikamulia maziwa ya titi ndani yake asubuhi na jioni, mpaka likapona.

"Kwa hivyo anajua hilo jicho," rafiki yangu akasema. Alikuwa anatengeneza mnyororo wa baiskeli, hakuinua kichwa. "Analijua kukushinda wewe."

"Hiyo ni mambo ya miaka mingi. Amesahau."

"Lakini juzi ameniambia mimi."

Maganda yanafundisha kunyamaza.

"Nenda kwa daktari," akasema.

"Likikauka, nitakuwa nimeokoka na nini?"

Akacheka, mimi nikacheka, tukalala. Lakini nilikuwa sifanyi mzaha. Hicho kimoja tu alichotaka nilikuwa nampa kwa kona ya jicho, na sikuwa na mahali pengine pa kukitoa. Nilijaribu. Nilikuwa nakaa pale kwa mkeka nikijisikiliza kama kuna kitu kinakuja. Nilikuwa nasikia njaa. Wakati mwingine mguu unaingia ganzi, hiyo pia niliisikia.

Mwezi wa saba wa wokovu wangu uvimbe ukakataa mchezo. Ulivimba usiku mmoja ukawa kama kiazi kidogo, mwekundu, unang'aa, jicho limefunga kabisa. Meno ya juu yanauma, kichwa kinagonga, mwili wa moto. Rafiki yangu akaniangalia, na mara ya kwanza hakusema kitu cha kuchekesha. Akatoa baiskeli.

Daktari alikuwa Mhindi mzee, mjini Thika, kachumba nyuma ya duka la nguo. Akanishika kidevu, akanigeuza kwa dirisha.

"Wewe ngoja nini? Ngoja jicho anguka chini, wewe okota?"

"Nilikuwa na sababu, daktari."

"Sababu!" Akaanza kuosha mikono. "Mimi naona sababu kila siku. Sababu naingia kwa ubongo, mtu nakufa."

Alikata. Sitasimulia yaliyotoka, labda unakula. Rafiki yangu, mtu wa kutia kuni kwa boila, alitoka nje akakaa kwa ngazi. Nikapigwa sindano siku baada ya siku, upande huu wa makalio, halafu ule, mpaka nikawa nakula nimesimama.

Kidonda kilipopoa nikarudi na rafiki yangu, na hapo daktari akanieleza, ananionyesha kwa kidole usoni mwake mwenyewe.

"Machozi iko na njia. Natoka hapa, naingia tundu dogo hii, nashuka pua, naenda koo. Kila mtu nameza machozi yake, kutwa, hapana jua. Wewe njia nafunga. Ndiyo maana namwaga nje."

Sikuwa najua. Nilifikiri machozi yakitoka yametoka. Akapitisha kawaya kembamba kwa lile tundu, na hiyo nayo sitasimulia. Halafu akachukua sindano butu, akasukuma maji ya chumvi humo.

"Nasikia?"

"Hapana."

Akasukuma tena. Mara kooni nikaonja chumvi.

"Chumvi," nikasema.

"Basi. Kwisha. Kama naziba tena, kuja mbio, usilete sababu."

Nikatoka nje kwa jua, na shavu la kushoto lilikuwa kavu. Nilikuwa nalishika shika njia nzima, kama mtu amenyolewa ndevu.

Jumapili tatu sikuwa nimeenda Ruiru. Mama alikuwa amerudi kwa kitanda, na uji ulikuwa unabaki kwa kikombe. Njia yote kutoka Thika nilikuwa nimejipanga. Nitamwambia. Nitasema, maitu, ilikuwa ugonjwa, mkebe nilinunua, mimi sijui kama nimeokoka, sisikii kitu, nisamehe. Nilikuwa nayasema nyuma ya mgongo wa rafiki yangu, kimya kimya, kama hesabu za shule.

Alinyoosha mkono akanishika pale pembeni mwa jicho, kwa kovu. Vidole vilikuwa vyepesi.

"Limekauka."

"Ndiyo, maitu. Daktari amelitibu."

"Na wewe?"

"Mimi niko."

"Uko na yeye?"

Hapo ndipo. Maneno yote ya njiani yalikuwa tayari, yamepanga mstari kama mikebe.

"Niko naye," nikasema.

Akaniangalia. Akasema, "Haya." Halafu akaomba ageuzwe aangalie ukuta, nikamgeuza. Alikuwa mwepesi. Nikakaa mpaka saa ya karatasi ikafika, nikaondoka. Jumatano akafa.

Huwa najiuliza ile haya ilikuwa haya gani. Mtu aliyekamulia jicho maziwa kila asubuhi na jioni, na akakumbuka mpaka akamsimulia mgeni, alikuwa anaona nini akinipangusa pale kwa mkeka? Sijui. Ningemuuliza, sikumuuliza.

Tulimzika hapo Ruiru, karibu na kahawa. Ndugu wa ushirika hawakulia, waliimba, kwa sababu kwao aliyeokoka amefika nyumbani. Wanaume wa kwetu nao hawalii. Lakini mimi nilikuwa na sifa. Mimi ndiye yule wa machozi. Watu walikuwa wananiangalia, wanangoja. Yule mzee mpole alisimama karibu kabisa, tayari kunishika bega.

Hakuna kilichotoka, hata tone. Nilikuwa naangalia udongo mwekundu, na mizizi ya kahawa imekatwa na jembe, inaonekana nyeupe kwa ukuta wa kaburi. Nikafikiria kwamba karatasi yangu inaisha saa kumi. Nikafikiria nani atapata ile leso. Nilikuwa na kiu, hiyo nakumbuka.

Nyuma yangu mama mmoja wa ushirika akamwambia mwenzake, na hakupunguza sauti, "Huyu machozi yake yote aliyamaliza kwa mkebe wa mananasi."

Mzaha mzuri huo. Siku nyingine ningeuiba.

Tukamaliza. Nikapewa mikono, nikashika mikono. Rafiki yangu alikuwa amesimama kando na baiskeli, kofia mkononi, uso wake umelowa wote, pua inatiririka, mtu aliyemjua mama yangu Jumapili chache tu. Nikapanda nyuma, tukaondoka. Hakupiga kengele hata moja.

Tulienda mpaka tukapita mashamba ya kahawa, tukafika kwa mkonge, ndipo nikasema, kwa mgongo wake, "Umeona? Mama yangu mwenyewe. Kavu kabisa. Watu wamesema."

Akakanyaga kidogo. Halafu akasimamisha baiskeli, akaweka mguu mmoja chini, lakini hakugeuka.

"Sisi kwetu tungelia siku tatu," akasema. "Watu wangejitupa chini. Hata mimi nilianza kuona haya kwa ajili yako, nikasema huyu mtu ni jiwe. Halafu nikakuangalia shingo. Ulikuwa unameza, bwana. Kutoka walipoanza kuimba mpaka udongo wa mwisho, unameza, unameza, kama mtu amepewa kikombe kizima cha dawa chungu na anaogopa kubakisha. Yule Mhindi alifanya kazi nzuri." Akapanda tena. "Sasa nishike vizuri, hapa tunateremka."